Mtoto na Mpaka

Wasikilizaji wetu, wazee walisema: Mchelea mwana kulia, hulia yeye. Twataka kulitazama neno hili, kwa maana wazazi wengi hudhani njia ni mbili tu, ama fimbo, ama kumwacha mtoto afanye apendavyo.

Mwaka 1966 Bibi Diana Baumrind, mtaalamu wa elimu ya nafsi huko California, Marekani, aliandika habari za wazazi wa namna tatu. Wa kwanza huamuru, wala hawataki kuulizwa. Wa pili hawakatazi neno. Wa tatu huweka mpaka, hueleza sababu yake, na kuushika. Katika uchunguzi wake wa mwaka 1967 juu ya watoto wadogo, wale wa wazazi wa pili ndio waliopungukiwa zaidi na kujitawala na kujitegemea. Nao wa wazazi wa kwanza walikuwa wenye kujitenga, wasioridhika.

Sisi walimu hatustaajabu. Mtoto wa miaka minne akatazwa kucheza kisimani; alia; mama amwacha aende. Habari ya kisima hakujifunza. Amejifunza kazi ya machozi, na kesho ataanza kulia mapema zaidi. Na baba arudipo jioni akampiga, mtoto hajui kosa lake ni kwenda au ni kuonekana.

Basi mama na aseme, "Hapana, mwanangu, kisima ni kirefu, utatumbukia," wala asirudi nyuma hata mtoto akigaagaa mchangani. Ampakate, ambembeleze, lakini kisimani asiende.