KADI YA CHAMA SI KADI YA KURA

(Hotuba ya Katibu mbele ya viongozi wa matawi)



Ziko kadi mbili, na watu wengi huzichanganya. Kadi ya chama humpa mwanachama sauti ndani ya chama. Kadi ya mpiga kura humpa raia haki ya kuchagua Serikali. Moja haifanyi kazi ya mwenzake.

Tukumbuke tulikotoka. Katika uchaguzi wa Tanganyika wa 1958 na 1959, mtu alipimwa kwanza ndipo aandikishwe: ana kipato cha paundi 150 kwa mwaka, au elimu, au cheo? Kisha alilazimishwa kupiga kura tatu: kwa Mwafrika, kwa Mwasia na kwa Mzungu. Wako waliotaka tususie. Mkutano wa TANU wa Tabora, Januari 1958, ukaamua kuingia; Zuberi Mtemvu akatoka, akaunda chama chake. TANU ikawahimiza waliotimiza masharti wajiandikishe, na wagombea iliowaunga mkono wakashinda. Wenye kadi za TANU walikuwa wengi mno, lakini waliopiga kura ni wale wachache walioandikwa daftarini.

Mwaka 1965, chini ya chama kimoja, mgombea wa Bara alipaswa kuwa mwanachama wa TANU. Mkutano wa wilaya wa chama ulipiga kura kwanza, Halmashauri Kuu ikateua wawili. Lakini mwananchi kituoni hakuulizwa kadi ya TANU. Alichagua jembe au nyumba. Huko Mwanza, Paul Bomani, Waziri wa Fedha, akaangushwa.

Tangu 1992 tuna vyama vingi, na msingi ni ule ule. Daftari la Kudumu la Wapiga Kura ni la raia wote waliotimiza miaka 18, au watakaoitimiza kabla ya siku ya uchaguzi. Kura za maoni ni za wanachama, kwa utaratibu wa kila chama. Na bila chama hakuna mgombea. Basi asiye na chama hukuta mgombea amekwisha kuchaguliwa na wengine. Na mwanachama asiyejiandikisha hushangilia mgombea wake mikutanoni, kisha siku ya kura hubaki nje ya kituo.

Ndugu viongozi, asitokee kati yetu mtu wa kumwambia mwananchi kwamba bila kadi ya chama hataandikishwa. Huo ni uongo. Wala asikusanye kadi za kura za watu. Kila mtu aitunze yake. Jirani wa chama kingine akikuuliza kituo kiko wapi, mwonyeshe.

Wiki hii chukueni daftari la tawi, mpite nyumba kwa nyumba. Msiulize nani analipa ada. Ulizeni: umejiandikisha? Umehama, umerekebisha taarifa zako? Tawi lenye wanachama mia na wapiga kura kumi ni tawi la watu kumi.

Uhuru na Kazi!