Barua ya Uhamisho na Muuguzi Aliyechoka: Kazi Ipi ni Nyepesi Mwambaoni?



Wauguzi na wakunga wenzangu, nimeombwa nizungumzie taratibu za uhamisho. Nitazigusa, lakini naanza na uchovu, maana naamini barua nyingi zinazosema "kumfuata mwenzi" au "kumuuguza mzazi" zimeandikwa na mtu ambaye kazi imemshinda nguvu na anaona aibu kulisema hilo.

Chukueni muuguzi wa wodi ya wazazi katika hospitali ya mjini, anayeishi huku kwetu Katonga, mkoani Kigoma. Asubuhi anakabidhi zamu. Mwenzake anamuuliza presha ya mama wa kitanda cha tatu ilikuwaje saa kumi usiku. Kwenye chati ipo, kwa mwandiko wake mwenyewe, ila yeye hakumbuki hata kumfunga mama yule kipimo mkononi. Linalomtisha zaidi ni jingine. Usiku huo mama mwingine alimwita "sista" mara tatu. Alisikia tangu mara ya kwanza, na moyo haukushtuka. Anafika nyumbani dagaa wanaanikwa, watoto wanapiga kelele, usingizi hauji. Hapo ndipo anapomwambia mumewe: "Nataka zahanati. Nipime watoto uzito, nichanje, nirudi nyumbani."

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza uchovu huu kuwa ni jambo linalotokana na msongo wa muda mrefu kazini usiodhibitiwa vizuri, wala halikuuita ugonjwa. Lilitaja dalili tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi, na mtu kuona anachofanya hakina tija. Hiyo ya pili ndiyo wagonjwa wetu wanayoiita roho mbaya. Nimefanya kazi na wauguzi walioitwa hivyo, na baadhi yao ndio waliokuwa na huruma kuliko sisi wote walipoanza. Tusiwahukumu haraka.

Sasa, je, zahanati ni kazi nyepesi? Inategemea kinachokuchosha. Kama ni wingi wa wagonjwa na zamu za usiku zinazofuatana, kliniki ya mama na mtoto inaweza kukurudisha hai. Unamjua mama tangu mimba changa, unamwona mtoto akiongezeka uzito mwezi hadi mwezi, na furaha hiyo wodini huipati, kwa sababu mama akishajifungua salama anaondoka na kitanda kinapata mwingine. Lakini kama kinachokuchosha ni kubeba uamuzi mzito peke yako, zahanati ya mwambao wa Ziwa Tanganyika itakumaliza. Mfikirie mkunga wa kijiji kama Kagunga au Mwamgongo, mama anavuja damu baada ya kujifungua, ziwa limechafuka na mgonjwa anatakiwa afike Kigoma kwa boti. Daktari wa kumgongea mlango hayupo. Simu ikikosa mtandao, uko wewe, dripu na sindano ya oksitosini. Mimi sithubutu kuiita kazi hiyo nyepesi, na inanisikitisha tunapowapeleka huko watu waliochoka tukidhani tumewapumzisha.

Kuhusu taratibu, hospitali za rufaa za mikoa ziko chini ya Wizara ya Afya, zahanati ziko chini ya halmashauri na TAMISEMI. Barua inavuka mamlaka mbili, basi usitegemee jibu la wiki hii, na uhamisho wa kuomba mwenyewe hauna posho ya kuhama. Wakati unasubiri, omba kubadilishiwa kitengo hapo hapo ulipo: kliniki za mchana, chanjo, chumba cha kutakasia vifaa. Dai likizo yako ya siku 28 na uichukue yote. Anayefikiria kuacha kabisa akafungue biashara, namsihi asiache leseni yake ya Baraza la Uuguzi na Ukunga ikafa. Mtu akishapumzika hubadili mawazo.

Kuna jambo la mkoa wetu ambalo haliko kwenye vitabu. Mei 2015 wakimbizi kutoka Burundi walijaa Kagunga, kipindupindu kikalipuka, na zaidi ya watu 30 wakafariki. Meli ya MV Liemba ilikuwa ikiwaleta Kigoma, wakipokelewa Uwanja wa Lake Tanganyika. Wapo humu ndani waliotundika dripu siku zile. Ni nani kati yenu aliyewahi kukalishwa chini akaulizwa aliyoyaona? Dharura ilipita, zamu zikaendelea, na mengine mnayabeba mpaka leo.

Mfano wa kupumzisha tunao hapa hapa: mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Hapa Katonga tuliona mitumbwi imelala ufukweni, na kaya nyingi ziliumia. Ila hoja ilieleweka: ziwa likivuliwa bila kupumzishwa, linakwisha. Muuguzi naye anahitaji uamuzi kama huo kutoka juu, kwa sababu mwenyewe hatathubutu kumwacha mgonjwa kitandani.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa mapatroni na mamatroni mliopo. Barua ikifika mezani, msiipitishe wala msiikatae kwanza. Mwiteni mwandishi wake, si alfajiri akitoka zamu, bali siku ambayo amelala, mumuulize kinachomchosha ni wingi wa wagonjwa, ni usiku, ni vifo alivyovishuhudia, au ni namna tunavyomsemesha mbele ya wagonjwa. Akijibu ni hilo la mwisho, tunaweza kulianza kesho asubuhi kwenye kukabidhi zamu, bila kusubiri kibali cha wizara.