Zeituni na Pilipili Hoho Nyekundu: Ipi Iliyo Bora?

(Hotuba iliyotolewa bwaloni, siku ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, ndugu walimu, wenzangu tuliokula maharage pamoja katika bwalo hili, nanyi wanangu mnaoendelea kuyala:

Nilipopata barua ya mwaliko nilidhani nitaombwa kusimulia habari za mabweni na mpira wa zamani. Kumbe Chama cha Mdahalo kimeniwekea kazi ngumu zaidi. Vijana walijadili mada isemayo, "Zeituni ni chakula bora kuliko pilipili hoho nyekundu." Kura zikalingana, wakaona mwamuzi awe mzee huyu, kwa kuwa nilikuwa bwana shamba kwa miaka mingi. Kazi nimeipokea, lakini natoa onyo mapema: mwamuzi mwenyewe ni mshtakiwa katika shauri hili. Vyakula hivyo viwili nimevikosea vyote.

Kwanza tuelewane majina. Pilipili hoho ninayoisema ni ile kubwa isiyowasha, ambayo wengine huiita pilipili boga. Ile nyekundu si kitu cha ajabu. Kwa kawaida ni ile ile ya kijani iliyoachwa ikaivia kwenye mche wake. Zeituni ni tunda la mzeituni, mti wa nchi zinazozunguka Bahari ya Mediteranea. Tusilichanganye na alizeti, ingawa majina yanafanana. Habari za alizeti nitazirudia baadaye.

Sasa niungame. Miaka kadhaa iliyopita daktari aliniambia kuwa shinikizo langu la damu limepanda, akaniagiza nipunguze chumvi. Nikatii. Kikopo cha chumvi kikaondolewa mezani siku ile ile. Mwanangu anayefanya kazi mjini akanihurumia, akaniletea chupa za zeituni za kijani. Alikuwa amesoma kwamba watu wa kisiwa cha Kreta, kule Ugiriki, hawakusumbuliwa sana na magonjwa ya moyo kwa sababu ya zeituni. Neno hilo lina msingi. Uchunguzi ulioanza mwaka 1958 katika nchi saba, ukiongozwa na Ancel Keys wa Marekani, ulionyesha kuwa wanaume wa Kreta waliougua moyo walikuwa wachache mno, na mafuta yao ya kupikia yalikuwa ya zeituni.

Basi nikazila kama dawa. Kila siku bakuli dogo, kama gramu 100. Hata yale maji ya chupani sikuyamwaga, nilichovyea ugali, maana vitu vyenyewe ni vya bei. Na wakati huo huo, nyuma ya nyumba yangu kulikuwa na shamba la pilipili hoho. Wachuuzi walizitaka za kijani, ngumu, zinazostahimili safari ya lori. Zilizoiva zikawa nyekundu walizikataa, nami niliwatupia kuku. Kuku wale walikuwa na siha njema kabisa.

Niliporudi kwa daktari, shinikizo halikushuka. Akaniuliza ninakula nini. Nikamtajia zeituni kwa majivuno. Akaniomba siku nyingine nije na chupa, akanisomea karatasi iliyobandikwa juu yake. Nikanyamaza.

Wanangu, tuzisome hesabu hizo pamoja. Gramu 100 za zeituni za kijani za chupani zina sodiamu kiasi cha miligramu 1,500. Ukiigeuza kuwa chumvi ya mezani, ni karibu gramu 4. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku nzima. Kumbe nilikiondoa kikopo cha chumvi mezani, nikakirudisha kikiwa kimevaa kanzu ya kijani! Gramu 100 za pilipili hoho nyekundu zina sodiamu miligramu 4 tu.

Hata hivyo tusiusingizie mti. Mzeituni haukutia chumvi. Zeituni ikichumwa mtini ni chungu, hailiki. Hulowekwa katika maji ya chumvi, au katika dawa kali ya kuondoa uchungu, kisha huhifadhiwa ndani ya maji ya chumvi. Chumvi ile ni ya mikono ya watu.

Upande uliotetea zeituni ulisema ina mafuta mazuri. Ni kweli. Gramu 100 za zeituni za kijani zina mafuta kiasi cha gramu 15, na sehemu kubwa ni ya aina isiyoganda, ambayo hufaa moyo ikichukua nafasi ya mafuta yanayoganda. Pia zina vitamini E. Nguvu zake ni kama kalori 145, na hoho ina kama 30 tu, kwa maana sehemu 92 katika kila 100 za hoho ni maji. Waliosema zeituni nyeusi zina madini ya chuma nao hawakukosea, lakini wajue kwamba nyingi za makopo huwa zimechumwa zikiwa bado za kijani, zikageuzwa nyeusi kiwandani, na dawa inayotiwa ili weusi usififie ni ya chuma. Sehemu ya chuma hicho haikutoka mtini.

Sasa upande wa hoho. Vitamini C katika zeituni ni kama hakuna. Katika gramu 100 za hoho nyekundu mbichi imo kiasi cha miligramu 128. Chungwa lina kama 53, na hoho ya kijani kama 80. Kiasi kinachopendekezwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa kwa mtu mzima ni miligramu 45 kwa siku. Na katika vitamini A, ambayo ni mlinzi wa macho, hoho nyekundu huizidi ya kijani kama mara nane. Wachuuzi waliponunua zile za kijani walichukua chakula ambacho hakijakamilika. Kilichokamilika nilikuwa nikiwapa kuku.

Wapo wanaodhani pilipili ni kiungo tu. Katika miaka ya 1930 mwanasayansi Albert Szent-Györgyi alikuwa mjini Szeged, nchini Hungaria, akitafuta mahali pa kupata vitamini C kwa wingi. Alisimulia mwenyewe kwamba jioni moja mkewe alimwandalia pilipili, naye hakuwa na hamu ya kuzila, akazipeleka maabara. Akakuta hazina. Kutokana na pilipili hizo alipata vitamini hiyo kwa kilo, wakati wengine waliihesabu kwa chembe. Mwaka 1937 akapewa Tuzo ya Nobel. Wako watu waliofika mbali kwa kukataa chakula cha jioni, lakini ninyi msijaribu.

Ndugu zangu, kwa nini jambo hili liwahusu vijana wa shule? Kwa sababu ya maharage. Tuliyala sisi, nanyi mnayala. Maharage yana madini ya chuma, na chuma ndicho kinachojenga damu, hasa kwa kijana anayekua. Lakini chuma cha maharage ni kigumu kunyonywa na mwili. Kikiachwa peke yake, sehemu kubwa hupita tu. Vitamini C ikiliwa katika mlo ule ule hukifungulia mlango. Chai hufanya kinyume, huufunga. Na sisi tulikuwa tukifanya nini? Maharage, na kikombe cha chai ya rangi juu yake! Hoho yenyewe ina chuma kidogo sana, lakini vipande vyake vichache kando ya sahani hulifanya lile sufuria la maharage liwape damu zaidi bila kuongezwa hata punje moja. Iwe mbichi, kwa kachumbari, au itiwe mwishoni kabisa, kwani moto mwingi huiharibu vitamini C. Chai isubiri saa moja.

Sasa narudi kwenye alizeti. Vitamini A ya hoho huhitaji mafuta kidogo ili mwili uipokee. Hapo watetezi wa zeituni watasema, "Ndiyo maana tunazihitaji!" Kwa mtu wa Kreta, ndivyo. Mzeituni uko mlangoni pake. Sisi tuna alizeti ya Singida na Dodoma. Tena katika vitamini E mafuta ya alizeti huyashinda ya zeituni karibu mara tatu. Kijiko kimoja juu ya kachumbari kinatosha. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Hukumu yangu ni hii. Mkiuliza mafuta, zeituni imeshinda. Mkiuliza vitamini C, vitamini A na usalama wa chumvi, hoho nyekundu imeshinda kwa mbali. Mkiuliza ipi ifae sahani ya bwalo hili, sina haja ya kufikiri mara mbili. Mwenye kupenda zeituni na ale, tano au sita, baada ya kuziosha na kuziloweka katika maji safi. Mimi nimeacha bakuli. Shinikizo langu limeshuka, ingawa dawa za daktari ninazimeza hadi leo, na sitasema uongo kwamba hoho imeniponya.

Ndugu Mwenyekiti, sikuja mikono mitupu. Nyuma ya bwalo, chini ya mwembe, nimeacha miche 60 ya pilipili hoho, yenye wiki sita. Ipandwe kwa nafasi ya sentimeta 45. Baada ya miezi miwili na nusu hivi mtaanza kuona matunda makubwa ya kijani, na mchuuzi atakuja na fedha mkononi. Najua shule ina mahitaji. Mwuzieni nusu. Nusu nyingine iacheni wiki tatu au nne hadi iwe nyekundu, iende jikoni, wala isiende kwa kuku.

Jua la leo lilikuwa kali. Bweni lenye zamu liimwagilie miche kabla ya giza.