Kucha za Mbwa na Usalama wa Jirani

(Maneno yaliyotolewa kwa wakazi baada ya umuganda, Kigali)



Huenda baadhi yenu wanastaajabu kuona polisi wakizungumzia kucha za mbwa. Sababu ni kwamba mbwa mwenye maumivu ya miguu ni mwepesi wa kuuma, na asiyekubali kushikwa mguu na mwenyewe hatamvumilia daktari wala mtoto wa jirani.

Wengi wetu tungali na hofu ya mbwa tangu mwaka 1994. Hofu hiyo tunaiheshimu, na kwa ajili yake mfugaji ana wajibu mzito zaidi.

Mbwa wa polisi hunusa milipuko na dawa za kulevya katika magari na mizigo. Kucha zikirefuka, huteleza kwenye vigae na kazi huharibika. Mbwa wa nyumbani naye anastahili matunzo hayo.

Mbwa atembeaye sana kwenye lami na mawe husugua kucha zake mwenyewe. Lakini wengi wa mbwa wetu hushinda bandani au kwenye mnyororo, wakingoja kulinda usiku. Ukucha mrefu hugonga chini kila hatua, ukasukuma kidole na kuumiza viungo. Ule wa pembeni, usiogusa ardhi, huweza kujikunja hata ukachoma nyama.

Mkisikia kucha zikigonga saruji mbwa anapotembea, jueni wakati umefika. Kwa kawaida ni kila baada ya majuma 3 au 4. Umuganda hufanyika Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Basi siku hiyo iwe pia siku ya kumkagua mbwa.

Tumieni mkasi maalumu wa kucha za mbwa. Ndani ya ukucha mna nyama yenye damu na mishipa ya fahamu. Kateni ncha tu, kidogo kidogo, hasa ukucha ukiwa mweusi. Damu ikitoka, bandikeni unga safi wa mahindi na kukandamiza hadi ikome. Mzoesheni mtoto wa mbwa kushikwa miguu mapema. Aliye mkali msishindane naye. Mwiteni daktari wa mifugo.

Hata hivyo, kukata kucha hakuchukui nafasi ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Mtu akiumwa, au akikwaruzwa hata kidogo, aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Kichaa hicho kikishadhihirisha dalili, karibu hakuna anayepona. Kukiwa na hatari, pigeni 112 bila malipo.

Ulinzi tunaoutafuta kwa mbwa usigeuke kuwa hofu ya jirani.