WALL-E: Taka, Unene na Aliyeviuza

Msikilizaji, filamu ya katuni WALL-E, aliyoiongoza Andrew Stanton wa studio ya Pixar mwaka 2008, huanza karibu bila mazungumzo. Roboti mdogo anashindilia taka na kuzipanga mpaka zinashindana na maghorofa. Mtoto asiyejua kusoma anaelewa papo hapo kwamba dunia imeharibika, na hilo ni jambo kubwa.

Filamu inaonya pia kuhusu afya, na onyo hilo ndilo lenye utata. Humo binadamu wameishi angani miaka 700; wamenenepa, wanabebwa na viti, chakula wanakinywa kwa mrija. Wapo waliolalamika kwamba wanene wanadhihakiwa. Nakubaliana nao kiasi, kwani mtoto mnene akichekwa ukumbini hajafundishwa afya yoyote. Ila filamu inamtaja mhusika: kampuni moja iliyouza kila kitu, ikatawala, kisha ikawaondolea watu sababu ya kusimama. Mzazi, mwonyeshe mwanao kampuni hiyo kabla hajayacheka matumbo.

Na kudhoofika kwa mifupa kunakotajwa katika filamu si hadithi. Mwanaanga asipofanya mazoezi ya kutosha, msongamano wa mifupa yake ya nyonga hupungua takriban asilimia 1 kila mwezi.