Dar es Salaam: Ardhi, Maji na Serikali za Mitaa

Mkoa wa Dar es Salaam uko kwenye mwambao wa Bahari ya Hindi, karibu nyuzi saba kusini mwa Ikweta. Kwa upande wa bara umezungukwa na Mkoa wa Pwani kaskazini, magharibi na kusini. Kwa ukubwa ndio mkoa mdogo kuliko yote ya Tanzania Bara, kwani eneo lake halifiki kilomita za mraba 1,400; kwa watu unaongoza nchini, na Sensa ya 2022 ilihesabu wakazi 5,383,728. Katika eneo hilo zipo halmashauri tano, kila moja na baraza lake la madiwani, mkurugenzi wake na bajeti yake. Makazi yameungana, barabara zinapita bila kusimama kwenye mipaka, na maji ya mvua hayajui yametoka wilaya gani. Namna utawala uliogawanyika unavyohudumia ardhi iliyo moja ndiyo hoja kuu ya mhadhara huu.

Nchi yenyewe inapanda polepole kutoka baharini. Kwanza kuna ukanda wa mchanga na mawe ya matumbawe, ambao mbele yake vipo visiwa vidogo kama Mbudya na Bongoyo upande wa kaskazini, na Sinda upande wa kusini. Nyuma ya ukanda huo inafuata tambarare inayobeba sehemu kubwa ya mji, kisha vilima vya Pugu upande wa kusini-magharibi. Bandari imekaa ndani ya ghuba yenye mlango mwembamba, iliyokingwa dhidi ya mawimbi. Kigamboni iko ng'ambo ya mlango huo. Mto Mpiji uko kwenye mpaka wa kaskazini, Msimbazi unakata katikati ya mji, na Kizinga na Mzinga inamwaga maji yake upande wa kusini wa bandari. Mvua za mwaka huzidi milimita 1,000, nyingi zikinyesha wakati wa masika, Machi hadi Mei, na nyingine wakati wa vuli, Oktoba hadi Desemba.

Mji ulianza katika miaka ya 1860, pale Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alipoanza kujenga karibu na kijiji cha Mzizima. Wajerumani waliufanya makao makuu ya koloni lao mwaka 1891, baada ya Bagamoyo. Utawala wa kikoloni uligawa watu kwa rangi: Wazungu walikaa ufukweni, Wahindi katika mitaa ya biashara, na Waafrika Kariakoo na pembezoni, huku uwanja wa Mnazi Mmoja ukiachwa wazi katikati. Baada ya Uhuru mji ulitanuka kwa kufuata barabara kuu nne, za Bagamoyo, Morogoro, Pugu na Kilwa. Sensa ya 1967 ilikuta watu 272,821. Ongezeko lililofuata liliipita kasi ya upimaji wa viwanja, hata mipango kabambe ya 1968 na 1979 ikabaki nyuma ya ujenzi. Manzese, Tandale, Vingunguti na sehemu kubwa ya Mbagala zilijengwa na wananchi wenyewe kabla ya ramani, na nyumba nyingine zikashuka hadi mabondeni.

Historia ya utawala nayo imekuwa ya kuunganisha na kutenganisha. Dar es Salaam ilipata hadhi ya manispaa mwaka 1949 na ya jiji Desemba 1961. Sera ya Madaraka Mikoani ya 1972 ilizifuta serikali za mitaa nchini. Halmashauri za miji zikarudishwa mwaka 1978, na sheria za 1982 zikaweka msingi unaotumika hadi leo. Mwaka 1996 serikali iliivunja Halmashauri ya Jiji na kukabidhi kazi zake kwa tume. Tume ilipomaliza muda wake mwaka 2000, zilikuwapo manispaa tatu, Ilala, Kinondoni na Temeke, na juu yake Halmashauri ya Jiji yenye jukumu la mambo ya pamoja. Baadaye Ubungo ilimegwa kutoka Kinondoni, na Kigamboni kutoka Temeke. Februari 2021 Rais John Magufuli aliivunja Halmashauri ya Jiji na kuipandisha hadhi Manispaa ya Ilala kuwa Jiji la Dar es Salaam. Kwa hiyo kisheria jiji ni Ilala peke yake, na nyingine nne ni manispaa. Hakuna tena chombo cha kuchaguliwa kinachosimamia mji mzima.

Ndani ya kila halmashauri, ngazi ya chini kabisa ni mtaa. Mwenyekiti wa mtaa huchaguliwa na wakazi, naye hufanya kazi pamoja na mtendaji, ambaye ni mtumishi wa umma. Mitaa kadhaa hufanya kata, na diwani wa kata huongoza Kamati ya Maendeleo ya Kata. Madiwani wa kata, wa viti maalumu vya wanawake na wabunge wa eneo hilo huunda baraza, nalo humchagua meya kutoka miongoni mwa madiwani. Sambamba na safu hiyo ya uchaguzi ipo safu ya uteuzi: Rais huteua mkuu wa mkoa, wakuu wa wilaya na wakurugenzi wa halmashauri. Kwa kuwa Halmashauri ya Jiji ya zamani haipo, uratibu wa halmashauri tano sasa unafanywa hasa na ofisi ya mkuu wa mkoa, chini ya TAMISEMI, yaani Ofisi ya Rais inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa.

Huduma kubwa zinazovuka mipaka ya halmashauri zimekabidhiwa taasisi za taifa. Barabara kuu ni za TANROADS, na za mitaa ziko chini ya TARURA tangu 2017. DAWASA inaleta maji, mengi yakitoka Mto Ruvu katika Mkoa wa Pwani. Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza 2016, yanasimamiwa na wakala wa DART. Kodi ya majengo, iliyokuwa ikikusanywa na halmashauri, sasa hukatwa mwananchi anaponunua umeme. Halmashauri zimebaki na shule za msingi na sekondari, zahanati, masoko, leseni za biashara, vibali vya ujenzi na uzoaji wa taka. Hata taka zinavuka mipaka: dampo kuu la mkoa liko Pugu Kinyamwezi, ndani ya Ilala.

Bonde la Msimbazi linaonyesha mfumo huu unavyofanya kazi. Mto unaanzia vilima vya Pugu, wilayani Kisarawe, nje ya mkoa. Unapokea vijito vya Ubungo na Sinza, unapita mpakani mwa Ilala na Kinondoni, kisha unaingia baharini penye Daraja la Selander. Taka zisizozolewa na mchanga kutoka juu hujaza mkondo, na mvua kubwa hufurisha Jangwani na kufunga Barabara ya Morogoro. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40, na baadhi ya waliopoteza makazi walihamishiwa Mabwepande. Halmashauri moja ikisafisha upande wake wa mto, bado inapokea maji ya nyingine. Ndiyo maana mradi wa kuendeleza bonde hilo, unaojumuisha daraja jipya la Jangwani, uliwekwa chini ya TAMISEMI kupitia TARURA. Hata hivyo, kuzuia ujenzi mabondeni na kuzoa taka kila wiki hakufanywi na mradi wa taifa. Kazi hizo ni za mtendaji wa mtaa, kata na halmashauri, na zinahitaji kufanywa kwa kanuni moja pande zote mbili za mto.