Mtumishi wa Misitu na Moto wa Kiangazi

Leo twapenda kuwasimulia habari za kazi isiyotajwa sana barazani, yaani kazi ya mtumishi wa misitu, aingiaye kijana na kutoka na mvi kichwani.

Ninyi mkaao Madibira huenda mkauliza: Misitu ya milimani yatuhusu nini sisi wakulima wa mpunga? Jibu limo katika mto Ndembera. Mto huo hutoka nyanda za juu za upande wa Mufindi, hushuka mpaka bonde la Usangu, hunywesha mashamba ya Madibira yapatayo hekta 3,000, kisha huingia mabwawani na kuufikia Ruaha Mkuu. Kuanzia mwaka 1993 Ruaha Mkuu ulianza kukauka nyakati za kiangazi. Sababu kubwa iliyotajwa na wachunguzi ni maji yachotwayo kwa mashamba ya bondeni, wala hatutaki kuwaficha hilo. Lakini mlima ulioungua hushindwa kuyatunza maji ya mvua. Hutiririka mara moja pamoja na udongo.

Huko juu ndiko uliko msitu wa Sao Hill. Miti ya majaribio ilianza kupandwa mwaka 1939, na upandaji mkubwa ukafuata baadaye, hasa miaka ya 1970 na 1980. Eneo lake lapita hekta 130,000, ingawa si lote lenye miti ya kupandwa. Zamani msitu ulikuwa chini ya Idara ya Misitu. Leo u chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, ulioanzishwa mwaka 2010. Msonobari hukaa miaka 18 hata 25 kabla ya kukatwa. Basi mtumishi aanzaye kazi na miaka 22, akastaafu na 60, huona miche aliyoipanda ikikatwa mara moja, au mara mbili akijaliwa. Mchana mmoja wa moto waweza kuyafuta yote hayo.

Moto huo haushuki kutoka mbinguni. Mmoja asafisha shamba, mwingine afukuza nyuki arine asali, wa tatu awinda panya, wa nne ataka majani mabichi ya ng'ombe wake. Kila mmoja ana haja yake ya haki, na kila mmoja hudhani moto wake utakoma pale autakapo. Tena sindano za msonobari zilizoanguka huwaka upesi kwa sababu ya utomvu.

Kwa hiyo kazi ya moto huanza kabla ya moto. Mvua zikiisha, njia pana za kuzuia moto hulimwa na kufyekwa. Walinzi hupanda minara. Mnara mmoja ukiona moshi hupima upande wake, na wa pili vivyo hivyo, na pale mistari miwili ikutanapo ndipo penye moto. Moto mdogo hupigwa kwa matawi mabichi. Ndimi zikipita kimo cha mtu, kuupiga ni kujiua. Hapo watu hurudi nyuma hata njia ya moto, wakawasha moto wa kukabili, ule mkubwa ufike na kukuta majivu matupu. Wala asisimame mtu juu ya mteremko moto ukiwa chini, kwa kuwa moto hupanda mlima mbio kuliko ushukavyo. Mara nyingi ushindi huja usiku, upepo ukitulia na umande ukianguka.

Yako mambo ambayo mabwana misitu wenyewe walijifunza polepole. Wengi waliona kwamba dawa ni kukataza moto kabisa. Lakini nyasi zisizochomwa hurundikana, na siku ziwakapo haziwezekani. Huko Ndola, Zambia ya leo, majaribio yalianza mwaka 1933: sehemu iliyochomwa mwisho wa kiangazi kila mwaka miti yake ilikufa ikawa mbuga ya nyasi, iliyochomwa mapema ilibaki msitu. Maana miombo huchipua majani kabla ya mvua, na moto wa Septemba au Oktoba huyakuta yangali machanga. Kwa maoni yetu, wazee waliochoma mapema walijua jambo ambalo maofisa walilichelewa.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 yamtaka atakaye kuchoma apate kibali kwanza na kuwaarifu majirani. Wengine huona hayo ni usumbufu. Lakini jirani aliyeambiwa huja na tawi lake mkononi.

Mtumishi astaafupo, humtembeza mrithi wake mipakani, akimwonyesha bonde ambamo upepo hugeuka saa nane za mchana, na vijiji viitikavyo upesi mbiu ya moto ikilia. Kisha humkabidhi daftari la moto, lenye tarehe, saa, upepo na hekta zilizoungua. Kurasa zenye maandishi machache ndizo za miaka aliyofanya kazi zaidi.